Usihesabu Majina ya Mawaziri, Hesabu Kura



Kila rais akitangaza mawaziri, hata hajashuka jukwaani, simu zetu zimeshajaa ule ujumbe. Unaujua. Orodha ya majina, na ya Kiislamu yametiwa rangi ya kijani. Chini mtu ameandika, "Alhamdulillah, safari hii tumepata," ama "Tumeonewa tena." Basi tunagombana kwenye grupu siku mbili, mmoja anatoka kwa hasira, siku ya tatu tunarudi kwenye mambo ya mpira. Sikucheki. Mimi mwenyewe nimeufowadi huo ujumbe zaidi ya mara moja.

Lakini hebu tuulizane kitu. Huyo waziri wetu akishaapishwa, nani anaweza kumwambia "hapana"? Nani anaweza kumtoa? Akitaka kutusaidia, atapata wapi kura za kupitisha jambo lenyewe? Hayo hatuyaulizi. Tunahesabu majina, na walioshika serikali wanajua kwamba tukishapata jina tunatulia.

Leo nataka tutoke nje ya Kenya kidogo. Nakupeleka Ujerumani, kwenye jimbo linaloitwa Thüringen, makao yake makuu ni Erfurt. Usiseme, "Sasa hii inatuhusu nini?" Subiri. Huko kulikuwa na serikali ya muungano ambayo haikuwa na wabunge wa kutosha. Na ndani ya baraza lake la mawaziri aliingia mwanamke mweusi ambaye baba yake anatoka Tanzania, akapewa wizara inayoshughulikia wahamiaji na sheria. Kama unataka kujua kiti cha uwaziri kina uzito gani mtu wako akikikalia huku kura ziko kwa wengine, ni pale.

Kwanza elewa mfumo wao. Ujerumani ina majimbo 16, na kila jimbo lina bunge lake na waziri mkuu wake. Wananchi hawamchagui waziri mkuu moja kwa moja kama sisi tunavyomchagua gavana. Wanachagua wabunge, wabunge ndio wanamchagua waziri mkuu, naye anateua mawaziri. Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura hakipati viti vya mgao. Na kwa kawaida hakuna chama kinachofika nusu peke yake, kwa hiyo vyama vinakaa chini, vinaandika mkataba wa muungano kipengele kwa kipengele, vinagawana wizara.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tarehe 27 Oktoba 2019 Thüringen walipiga kura. Bunge lilikuwa na viti 90, ukitaka wingi unahitaji 46. Chama cha mrengo wa kushoto, Die Linke, cha Bodo Ramelow aliyekuwa waziri mkuu, kilipata 29. Washirika wake SPD wakapata 8 na Kijani 5. Jumla 42. Wamepungukiwa na wanne. Upande wa pili walikuwa CDU na 21, FDP na 5, na AfD na 22.

Hao AfD tusiwapite hivi hivi, manake wanatuhusu. Ndicho chama kilichoandika kwenye programu yake ya mwaka 2016 kwamba Uislamu si sehemu ya Ujerumani. Tawi lao la Thüringen linaongozwa na Björn Höcke, na Machi 2021 idara ya jimbo inayolinda katiba ilitangaza rasmi kwamba tawi hilo ni la siasa kali za mrengo wa kulia. Mwaka 2017, pale Erfurt, uwanja uliotengwa kujengwa msikiti ulikutwa na vipande vya nguruwe vimechomekwa kwenye miti. Msikiti wenyewe ulikuwa wa Waahmadiyya, na sisi tofauti zetu nao za kiitikadi tunazijua. Lakini aliyechomeka ile miti hakuuliza nani ni nani. Kwake yeye msikiti ni msikiti.

Sasa angalia FDP, kile chama cha viti 5. Kilivuka ile asilimia 5 kwa kura 73. Sabini na tatu, jimbo zima! Ukiwakusanya vijana wanaokaa maskani moja baada ya Isha pamoja na wa maskani ya pili, umezipata. Na hizo kura 73 ndizo zilizotikisa Ujerumani nzima. Ngoja uone.

Tarehe 5 Februari 2020 bunge lilikutana kumchagua waziri mkuu. Duru ya kwanza na ya pili zinataka wingi kamili, na hakuna aliyeupata. Duru ya tatu anashinda mwenye kura nyingi tu. AfD walikuwa na mgombea wao pale, jina lake liko kwenye karatasi. Ikaja duru ya tatu, FDP wakamsimamisha mtu wao, Thomas Kemmerich. Kura zilipohesabiwa mgombea wa AfD alikuwa na sifuri. Wote walikuwa wamemuacha mtu wao na kumpa Kemmerich. Matokeo yakawa Kemmerich 45, Ramelow 44, mmoja hakuchukua upande. Chama cha viti 5 kimetoa waziri mkuu, kwa kura za watu ambao vyama vyote vilikuwa vimeapa kutoshirikiana nao.

Mwenyekiti wa Die Linke pale jimboni, Susanne Hennig-Wellsow, alikuwa na shada la maua. Badala ya kumpa mshindi mkononi, alilibwaga miguuni pake akaondoka. Jioni ile ile watu wakamiminika barabarani, Erfurt na miji mingine. Angela Merkel, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Ujerumani, alikuwa ziarani Afrika Kusini. Hakungoja kurudi. Alisema huko huko kwamba jambo lile halisameheki na lazima ligeuzwe. Kesho yake Kemmerich akatangaza kwamba ataachia ngazi, na tarehe 8 akajiuzulu rasmi.

Na sikiliza hii. Mpaka mwenzake anachaguliwa tarehe 4 Machi, Kemmerich alibaki kwenye kiti karibu mwezi mzima bila kuteua waziri hata mmoja. Ana cheo, hana baraza. Meza kubwa, viti vitupu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye cheo chake kilikuwa cha kuazima kutoka kwa watu ambao hakuweza hata kuwashukuru hadharani.

Unaweza kujiuliza, kwa nini Wajerumani waliruka vile kwa kura moja ya jimbo dogo? Kwa sababu pale pale Thüringen yalishawahi kutokea. Desemba 1929 chama cha Hitler kilipata viti 6 kati ya 53 kwenye bunge la jimbo hilo. Sita tu. Vyama vya kihafidhina vilikuwa vinatafuta namba za kuunda serikali ya muungano, vikawaita. Januari 1930 mtu wao, Wilhelm Frick, akawa waziri, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Manazi kuingia kwenye serikali ya jimbo. Hawakuomba wizara yoyote tu ilimradi jina lao lionekane gazetini. Walitaka mambo ya ndani na elimu. Yani polisi na shule. Mwaka uliofuata Frick aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na mwaka 1933 Hitler aliposhika nchi, Frick ndiye aliyemfanya waziri wa mambo ya ndani wa Ujerumani nzima.

Naomba usome kisa hicho mara mbili. Watu wa shari, wakiwa wachache kabisa, walijua kura zao 6 zina thamani gani, na walijua kwa majina wanataka wizara zipi na za kufanyia nini. Sisi watu wa heri tukiitwa mezani tunasema, "Tupeni chochote, bora tuwakilishwe."

Turudi 2020. Tarehe 4 Machi Ramelow alichaguliwa tena, duru ya tatu, kwa kura 42 za muungano wake. Waliompinga walikuwa 23 na CDU wengi wakakaa bila kupiga upande wowote. Akaunda serikali ya vyama vitatu. SPD wakashika fedha, mambo ya ndani na uchumi. Kijani wakashika mazingira, na ile wizara ya uhamiaji, sheria na ulinzi wa walaji. Zilizobaki zikawa za Die Linke.

Lakini bado ni 42 kati ya 90, na bajeti haipiti kwa dua peke yake. Kwa hiyo muungano uliandikiana na CDU mkataba wa utulivu: nyinyi mtabaki upinzani, hamtaingia barazani, lakini mtatusaidia kupitisha mambo fulani, na hakuna atakayetafuta kura za AfD. Walikubaliana hata tarehe ya uchaguzi wa mapema, Aprili 2021. Korona ikausogeza mpaka Septemba. Ilipofika Julai ikaonekana kura za kuvunja bunge, theluthi mbili, hazitatimia, wakaachana na mpango huo. Serikali ya wachache ikaendelea mpaka 2024, kila bajeti ikiwa ni kwenda kubisha mlango wa CDU.

CDU hawakuwa na waziri hata mmoja. Hakuna jina lao lililotiwa rangi ya kijani kwenye orodha. Lakini kila mwaka waziri wa fedha alikuwa lazima awaulize wanataka nini. Niambie wewe, nani alikuwa na nguvu pale?

Na mkataba ulipokwisha, waliuonyesha uso wa pili. Tarehe 14 Septemba 2023 CDU walileta mswada wa kupunguza kodi ya kununua ardhi na nyumba kutoka asilimia 6.5 hadi 5. Serikali ilikataa. CDU wakaupitisha kwa kura zao, za FDP na za AfD. Mawaziri wote wamekaa pale wanaangalia, na sheria wasiyoitaka inapita mbele ya macho yao.

Katikati ya hayo ndipo anaingia huyu mama. Doreen Denstädt alizaliwa 1977 katika mji wa Saalfeld, mama Mjerumani, baba Mtanzania. Alikuwa afisa wa polisi, na kabla ya uwaziri alifanya kazi kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya raia kuhusu polisi. Tarehe 1 Februari 2023 akaapishwa kuwa waziri wa uhamiaji, sheria na ulinzi wa walaji. Magazeti yaliandika kwamba ni waziri wa kwanza mweusi katika majimbo ya Ujerumani Mashariki. Hebu fikiria. Kwenye jimbo la Höcke, mtoto wa Mtanzania ndiye anayeshika faili la wahamiaji. Kama angekuwa wetu, grupu zingewaka wiki nzima!

Alifikaje pale? Waziri wa mazingira wa Kijani alikuwa ameamua kuondoka, chama kikaona kibadilishe wote wawili. Aliyekuwa na wizara ya uhamiaji, Dirk Adams, alikataa kujiuzulu. Ramelow akamfuta kazi. Yani kile kiti hakikuwa cha Adams, wala baadaye hakikuwa cha Denstädt. Kilikuwa cha chama chenye wabunge 5. Chama kikisema toka, unatoka.

Na kiti chenyewe hakikuwa kitamu. Ule mwaka wakimbizi walikuwa wengi, kituo cha mapokezi cha Suhl kilifurika, wilaya zikasema hazina nafasi. Lawama zote zikamwangukia yeye. Lakini pesa za makazi ziko kwa waziri wa fedha wa chama kingine, polisi wako kwa waziri wa mambo ya ndani wa chama kingine, nyumba ziko mikononi mwa wilaya, na bajeti inapita tu CDU wakikubali. Unapewa wizara ya watu wako, watu wanakuangalia wewe, na funguo ziko kwa wenzako. Sisi hapa Kenya tunalijua sana jambo hili, ila hatujalipa jina.

Tarehe 1 Septemba 2024 ukaja uchaguzi. AfD wakawa wa kwanza kwa asilimia 32.8. Kijani walipata asilimia 3.2, nje ya bunge kabisa. Kiti cha Denstädt kikaondoka na chama chake. Wale FDP wa kura 73? Asilimia 1.1, nao wakatoka. Na ile wizara iko vile vile, uhamiaji na sheria, lakini sasa iko kwa CDU.

Serikali mpya ya Mario Voigt wa CDU ni muungano wa CDU, chama kipya cha BSW, na SPD. Wana viti 44 kati ya 88. Nusu kamili, wingi hawana. Voigt alichaguliwa tarehe 12 Desemba 2024 kwa kura 51, ikimaanisha watu 7 wa nje ya muungano wake walimpa mkono. AfD wana viti 32, zaidi ya theluthi moja, na hawana waziri hata mmoja. Lakini jambo lolote linalohitaji theluthi mbili, kama kubadilisha katiba ya jimbo au kuchagua wajumbe wa kamati inayoteua majaji, haliendi bila wao. Wamekaa nje ya baraza na wameushika mlango.

Sasa turudi nyumbani.

Kenya mfumo ni tofauti, najua. Rais na gavana wanachaguliwa moja kwa moja, serikali haianguki kwa sababu bunge limegawanyika. Lakini hesabu ni ile ile. Muulize aliyekuwa gavana wa Meru, Kawira Mwangaza. Alishinda 2022 kama mgombea huru, wananchi wamempenda, kiti amepata. Bunge la kaunti halikuwa lake. Walimwondoa mara tatu, Seneti ikamwokoa mara mbili, ya tatu Agosti 2024 ikamtoa, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakubaliana na Seneti. Sisemi nani alikuwa na makosa. Nasema alikuwa na baraza bila kuwa na bunge.

Na Julai 2024, baada ya vijana wenzetu kumwaga damu kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, rais alilivunja baraza la mawaziri. Muda si mrefu likaja jingine, na ndani yake watu wa ODM, akiwemo Hassan Joho wa Mombasa kwenye wizara ya madini. Wakaiita serikali jumuishi. Pwani tulishangilia, wengine tukanuna. Lakini mkataba uko wapi? Wakati ule, nani kati yetu aliona karatasi inayosema Pwani, au Kaskazini, au Waislamu kwa jumla, tumeahidiwa hiki na kile, ifikapo tarehe fulani? Ulipofika Machi 2025 Rais Ruto na Raila Odinga ndio wakatia sahihi makubaliano ya vyama vyao. Kiti kilitangulia, karatasi ikafuata baada ya miezi. Kule Thüringen watu wa vyama vitatu hawakuapishwa kabla karatasi haijatiwa sahihi.

Chukua suala la kitambulisho. Miaka na miaka kijana wa Garissa, Wajir, Mandera, na hata Mpwani mwenye jina lake, anapigwa msasa mara mbili mbili kana kwamba amekuja jana. Katika miaka hiyo yote tumekuwa na mawaziri Waislamu, na msasa ukaendelea. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, rais alitia sahihi tangazo la kuuondoa. Tunashukuru, na waliopiga kelele miaka yote, mahakamani na barabarani, Allah awalipe. Lakini tangazo la rais linaweza kufutwa na tangazo la rais mwingine. Ili haki hiyo isimame inahitaji sheria, na sheria inahitaji kura bungeni. Tumerudi pale pale, kwenye hesabu.

Kuna ndugu atasema, "Siasa ni najisi, kaa mbali, shughulika na ibada." Nakuheshimu ndugu yangu, na uchafu uliopo nauona kama wewe. Lakini jambo la umma ni amana, na shura ni dini yetu, hatukuiazima kwa Wazungu. Ukikaa mbali, leseni ya madrasa yako inaandikwa na mtu ambaye hujawahi kumuona. Kituo cha polisi mtaani kwenu kinapata OCS ambaye hakuna aliyemuuliza lolote. Vijana wanapopotea usiku na mama zao wanazunguka vituoni na picha mkononi, wewe na ibada yako utakuwa unawaombea dua tu. Dua ni lazima. Na kitu kingine pia ni lazima.

Mwingine atasema, "Sisi wachache, tutafanya nini?" Huyo namrudisha kwenye zile kura 73. Na ndugu zetu wa Lamu wanakumbuka uchaguzi wa gavana wa 2017, jinsi tofauti ilivyokuwa nyembamba mpaka mambo yakaishia mahakamani. Palipo na mgawanyiko, wachache waliojipanga wana bei. Wachache waliotawanyika hawana.

Na kuna swali gumu zaidi, silikwepi. Je, tuuze kura zetu kwa yeyote anayetoa zaidi? Hapana. Kemmerich alikubali kura bila kuuliza zimetoka wapi, na zilimzika kwa siku tatu. Kuna watu ambao hata wakikupa wizara tano, ukikaa nao umepotea. Anayetukana kabila la jirani yako leo, kesho zamu ni yako. Mpaka wetu tuuchore mapema, kabla hatujaitwa chumbani na kuwekewa chai na mahamri.

Basi tufanye nini? Nakupa manne, na yote yanafanyika kutoka pale ulipo.

La kwanza, kitambulisho na kura. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Usingoje mwezi wa mwisho. Ukiwa na chako, mshike mkono mdogo wako na binti wa jirani muende. Kama mnazungushwa ofisini, andikeni tarehe, andikeni mmeambiwa nini, leteni kwetu. Malalamiko bila tarehe ni hadithi tu.

La pili, mjue MCA wako kuliko unavyomjua waziri. Katiba inasema mawaziri wa kaunti hawazidi 10, na hawaingii kazini mpaka bunge la kaunti liwapitishe. Bajeti pia ni hao hao. Gavana akituletea jina la Kiislamu, vizuri, lakini muulize MCA, "Ulimuuliza maswali gani siku ya kumpiga msasa?"

La tatu, shika kalenda ya pesa. Mpango wa maendeleo wa kaunti unapelekwa bungeni kufikia 1 Septemba. Mkakati wa fedha kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kutushirikisha. Ile mikutano ya maoni ya umma inayoitishwa ukumbini, wanaojaa ni walioletwa na mabasi ya wanasiasa. Sisi tukienda ishirini, tumekaa pamoja, tumeandika jambo moja, tunasikika. Nimeshuhudia mara kadhaa.

La nne, tuandike. Kabla mgombea yeyote hajapewa kipaza sauti msikitini au kwenye harusi, awekewe karatasi mbele. Mambo matatu, yanayopimika: zahanati ipi, barabara ipi, sheria ipi, lini. Atie sahihi mbele ya watu. Akikataa tumeshamjua. Akikubali tunayo ya kumuonyesha mwaka wa pili.

Siku baraza jipya litakapotangazwa tena, ule ujumbe utakuja, wallahi utakuja. Ukiupata, usinifowadie ukiniuliza tuko wangapi. Niulize wetu wamepewa wizara ipi, wana nini mkononi kimeandikwa, na kura ngapi ziko nyuma yao. Kama hujui jibu la hilo la tatu, anza na kujihesabu wewe. Umejiandikisha?

Wabillahi tawfiq.